Dereva Wangu Yu Mzima

Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka uwanja wa mbio za magari hapa Fort Worth, kwenye jua na upepo mkali, masikio bado yananivumia. Katika mbio za kwanza za msimu, yule dereva ninayemshabikia aligonga ukuta, nikamwona kwenye televisheni akitolewa kwa machela. Mimi ni nesi, lakini nililia kama mtoto. Mbio za pili hakuonekana. Leo amerudi, nami nikaomba ruhusa kazini nije nimwone kwa macho yangu.

Magari yalipoanza mbio, hata viti vilitetemeka. Nikafumba macho. Bibi Mzungu aliyeketi kando yangu akaniuliza, "Ni mwanao anayeendesha?"

"Hapana, mama. Ni dereva wangu tu."

Akacheka, akanivisha hedfoni zake zinazonasa redio ya madereva. Baba, nilimsikia mwenyewe akiwaambia mafundi wake, "Niko sawa. Gari linakwenda vizuri."

Amemaliza wa kumi na tisa, nami nimeshangilia hadi sauti ikanikauka. Namshukuru Mungu, na bibi yule pia, aliyenigawia nusu ya soseji yake. Nawe asante, Baba, uliyenibeba mabegani nilipokuwa mdogo nitazame magari ya mbio yakirusha matope. Jikinge na baridi, nakupenda sana.

Binti yako,
Nyambura