Kijiko cha Dada Nila

Alhamisi. Upepo wa kusi tangu asubuhi, kibaridi kidogo, na mimi nina hasira.

Leo Mama amefungua saumu yake. Siku nane hakula kitu, ni maji ya kuchemsha tu, tena mchana. Sisi ni Wajaini, nyumba chache tuliobaki humu Mji Mkongwe, na dini yetu inatukataza kudhuru chochote chenye roho. Mama hali kitunguu wala kiazi, kwa sababu ukiking'oa unaua mmea mzima na vidudu vya udongoni. Jua likizama hali wala hanywi, asije akameza mdudu asiyemwona. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, hivyo adhana ya Magharibi ya msikiti wa jirani ndiyo saa ya jiko letu. Akiisikia, kikombe kinawekwa chini.

Mwema mno, mama yangu. Sisimizi wakiingia kwenye sukari huwaondoa kwa unyoya, taratibu, asije akamvunja mmoja mguu.

Jana ilikuwa siku yetu ya kuombana msamaha. Aliunganisha viganja mbele ya kila mtu: "Kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe." Alimwomba muuza maziwa. Alimwomba Bi Asha, jirani yetu wa chini.

Alimwomba paka.

Lakini dada yangu Nila, Mama hakumpigia hata simu. Nila aliolewa na kijana wa Kikwajuni, akasilimu, na tangu hapo jina lake halitajwi humu ndani. Mimi ndiye niliyemwita leo. Kwa desturi yetu anayemaliza mfungo hajifungulii mwenyewe. Jamaa humnywesha, kila mmoja kijiko cha maji ya chooko zilizochemshwa. Nikadhani mtu aliyemwomba radhi paka hawezi kukataa kijiko cha bintiye. Mjinga mimi.

Nila aliinama kumgusa miguu. Mama akaivuta chini ya kiti. Akanywa kijiko changu, akanywa cha Bi Asha, Mwislamu vilevile. Cha Nila kilipofika akafumba mdomo, maji yakamwagika kidevuni.

"Fungua kinywa, Bi Kamla," Bi Asha alisema. "Mwana ni mwana."

Mama akajibu kwa sauti, makusudi, ili na Nila asikie: "Mie nshaomba msamaha kwa viumbe wote walio hai."

Nila alifahamu. Aliweka kijiko, akamfuta Mama kidevu kwa ncha ya mtandio wake, akashuka ngazi. Hakulia mpaka alipofika chini.

Mchana wote Mama alilala. Jioni aliamka koo limemkauka, nami nilikuwa nimeshika gilasi ya maji.

"Jua lishatua?" aliniuliza.

Jua lilikuwa bado kwenye ukuta wa nyumba ya pili, jekundu, linaonekana vizuri kabisa.

"Lishatua, Mama."

Akakubali, akarudisha kichwa kwenye mto. Maji nikayamwaga kwenye chungu cha mrehani. Sikuona haya. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, nilitaka na yeye aonje kunyimwa.

Kisha adhana ikaanza.

Tuliisikia yote, mwanzo hadi mwisho. Mama alinigeuzia uso na yale macho yake meupe. Alijua kuwa nilimdanganya. Alifumba mdomo vilevile alivyoufumba asubuhi.

Sasa namsikia ng'ambo ya mlango anavyopumua, pumzi kavu ya mtu mwenye kiu. Hawezi kunywa tena mpaka jua lichomoze, hata nikimpigia magoti. Asubuhi nitampelekea maji na kijiko, nitaunganisha viganja. Nitasemaje, kwa kujua au kutojua? Nilijua.

Nami nimeshaona anavyowafanya waliomkosea. Atakapoufumba tena ule mdomo, nitajua kwamba hata mimi simo tena katika walio hai.