Mzunguko wa Tatu

Jumatatu, 6 Novemba 2023
Mimi Ghalib ni mtu wa bahati! Tangu nizaliwe Kudhaa, fundo nililofunga mimi halijapata kufunguka. La nanga, la nyavu — ndoa zangu tatu tu, na hizo alizifungua kadhi. Nimefika Salala, nimefika Jeddah, na shule ni madarasa manne! Hapa kambini Kismayo hema langu ndilo lililosimama wima. Mafundo magumu, ya baharini.
Leo Afnan, yule msichana wa wagawaji wa mahema, katufundisha fundo la kusogea. Unalisukuma, kamba inakaza. Unalirudisha, inalegea. Nikamwambia fundo linalotembea ni kama mume anayetembea. Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 8 Novemba
Mvua. Nailoni ikilowa inarefuka — hema langu limelala kama punda aliyegoma. Mafundo yangu hayakazwi, hayafunguki. Nimekata kamba mbili kwa kisu. Wenzangu wamesukuma fundo, wakarudi ndani. Nimesema nilikata makusudi. Thubutu! Nani aamini.

Alhamisi, 9 Novemba
Hema la Bushra limeng'oka upande. Bushra ni mjane wa ndugu yangu Idris, na mwanawe Samiha ana homa. Redio inasema kesho upepo mkubwa zaidi. Afnan alitaka kumfungia. Bushra kakataa, eti mwache shemeji afunge, mkono wake haujapata kuachia kitu. Mbele ya watu wote!
Nikasema mgongo unaniuma.

Ijumaa, 10 Novemba
Baada ya swala nimemfuata Afnan, nikamwomba anionyeshe. Kapitisha kamba kwenye kigingi, kairudisha, kaizungusha juu ya yenyewe. Mizunguko miwili kwa ndani, mmoja kwa nje. Nikamwambia hilo nalijua zamani.
"Hilo la kamba ya katani, ami. Nailoni inateleza. Ongeza wa tatu kwa ndani. Bila huo, ikivutwa kwa mishtuko inaachia."
Nikakaa mchangani. Wa tatu. Basi, huo tu! Kamba isiyozidi urefu wa kidole.
Afnan kaenda mahema ya upande wa pili. Bushra yuko nje, kamba mkononi. "Shemeji, hulioni wingu hilo? Njoo basi!" Samiha anakohoa. Nimewaambia namaliza kuandika.
Bahati gani? Uongo mtupu. Siku tuliyokimbia Kudhaa, mashua yetu ilikivuta kidau cha Idris. Kamba niliifunga mimi, fundo hilihili la kusogea, niirefushe na kuifupisha kadiri ya mawimbi. Nailoni mpya. Kidau kikapotea baharini na Idris ndani. Bushra nilimwambia kamba ilikatika, kadari ya Mungu, na mpaka leo ndivyo anavyowasimulia watu.
Haikukatika. Niliivuta mashuani nzima, ncha yake haina hata uzi uliofumuka. Niliizungusha mara mbili.
Ananiita tena.