Mbili Kati ya Kumi

Jumanne, Ilemela.

Mbili kati ya kumi! Mimi, niliyewahi kuwavusha Wazungu hadi Nansio kwa kasia moja!

Zoezi la Kiingereza alilonipa mpwa wangu Neema linasema msafiri alikunywa maji ya ziwa, akaugua, wanakijiji wakambeba hadi zahanati. Nikajibu kwamba hakuugua.

"Mjomba, jibu kilichoandikwa!"

"Mgeni wangu hawezi kunywa maji yasiyochemshwa. Aliyeandika hajui ziwa."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Kusema kweli naogopa. Ijumaa nina usaili wa kazi ya kutembeza watalii, na nimeshawaambia wenye kampuni kwamba nilisomea Kiingereza Nairobi.

Nimemwambia Neema turudie kesho. Kwa faida yake, maana naona bado hajaiva.