Uwanja Wenye Ngazi za Nje

Wanangu,

Sina simu ya kuonyesha ramani, sina mwenyeji njiani, na leo sina hata wa kunibebea sanduku. Nimetangulia kwa teksi.

Gesi nimefunga. Chai imo kwenye chupa. Paka ameshakula, asiwadanganye.

Wewe kifungua mimba wangu, asubuhi ulisema ningepandia ndege kwenye uwanja mkubwa wa ng'ambo ya mji, kwamba huu wetu mdogo ni "stendi yenye mabawa." Wajukuu wakacheka, nikanywa chai yangu. Nilipouliza tunatoka saa ngapi, ukajibu, "Baba, tulia, haitaruka bila wewe," ukaenda kuosha gari! Ndipo nikaita teksi. Heri nikae kule saa tatu nzima na gazeti langu kuliko kukimbia na sanduku uzeeni.

Uwanja nimeuchagua mwenyewe. Kule kukubwa mtu anamezwa na mlango wa kioo, basi. Hapa abiria anaiendea ndege kwa miguu, anapanda ngazi za nje, na walio kwenye uzio wanamwona. Mimi nilianza kusoma nina mvi, darasa la usiku. Leo naenda kumwona dada yenu akivaa joho la udaktari nchi za watu. Nataka nionekane nikipanda.

~~Msije, msijisumbue.~~ Njooni kabla ya saa sita, uzio wa upande wa maegesho, wajukuu mbele. Kwenye ngazi ya mwisho nitageuka nivue kofia.

Baba yenu