Fito Zisimame, Baba Zuhura

Maskati, Ijumaa alasiri

Kwa mume wangu Baba Zuhura,
Itigi.

Assalamu alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa nje na watu, si kitandani, na kifua kiwe kimeacha kukubana, maana vumbi la kiangazi la hapo kwetu nalijua. Mama hajambo? Mfikishie shikamoo yangu kabla hujasoma mbele, halafu urudi. Wifi Mwajuma je? Na Zuhura wangu, anakula vizuri? Mimi mwili hauna neno. Yaliyo moyoni nitayasema humu humu, taratibu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule dada wa Kondoa anayefanya kazi nyumba ya pili. Niliisoma jikoni, mvuke wa wali ukilowesha karatasi, na zile picha tatu za kingo za baraza alizokupa fundi wa Dodoma nikaziegemeza kwenye kopo la chumvi. Umeandika kwamba Mama anataka baraza likingwe kwa mbao za mninga, lakini mchwa wa Itigi tunawajua, na chuma kitashika kutu. Fundi anasema alumini haijui kutu wala mchwa. Umeandika kwamba moyo wako uko kwenye ile ya rangi ya dhahabu yenye fito zilizolala, kama ya yule tajiri wa mashine ya alizeti kule Singida. Kisha ukamalizia, "Lakini nyumba ni yako Mama Zuhura, chagua wewe."

Nilicheka peke yangu. Nyumba yangu! Nilipoondoka palikuwa na kamba zimefungwa kwenye vigingi, na lundo la tofali. Sasa unaniambia ina baraza, na kwamba msingi umeupandisha sana kwa ajili ya maji yanayoteremka kutoka kwenye tuta la reli, hata mtu akisimama chini sakafu ya baraza inamfika kifuani. Mimi naijua kwa picha moja tu, nayo ilipigwa jua likiwa nyuma yenu, kwa hiyo nyote ni vivuli. Mama namtambua kwa kilemba. Zuhura simtambui. Nadhani ni yule aliyesogea wakati mnapigwa.

Hapa maisha ni yale yale. Ijumaa kama leo wenyewe wanakwenda kwa ndugu zao, mimi nabaki na nyumba na mashine za baridi zinavuma. Ukuta ni mrefu, jirani simjui hata sura, ila yule dada wa Kondoa. Bi Rahma, mama mwenye nyumba, alizaliwa Unguja, Kiswahili anacho kuliko mimi, lakini nikifungua mdomo anacheka. "Kiswahili chako kikavu, Hadija, chataka nazi." Si mtu mbaya. Ila mtu akichekwa kila siku hujifunza kunyamaza. Siku nyingine nikianika nguo naisalimia ndoo kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nisikie tu kama sauti bado ni ya kwetu.

Sasa nisikilize habari ya baraza.

Tangu barua yako ije nilianza kuona vitu ambavyo nilikuwa navifuta vumbi bila kuviona. Juu ya nyumba hii kuna baraza, na baraza lile limekingwa kwa alumini ya dhahabu, fito zimelala moja juu ya nyingine, vile vile unavyotaka wewe. Nilisimama pale na kitambaa changu nikaishika. Nikaona kweli inapendeza. Nikakuandikia jibu siku ile ile: chukua ya dhahabu.

Niseme kwa nini niliandika hivyo. Najua kwa nini unaitaka, Baba Zuhura. Tangu wakupunguze kazini relini, treni zinapita na watu waliokujua ukiwa na sare yako, na wewe uko kwenye kibanda cha asali unawapungia mkono. Siku hizi za soko huria kila mwenye chochote anakionyesha. Unataka wachungulie dirishani waulize, "Ile inayometa ni ya nani?" Na mimi nilitaka hivyo hivyo. Niliwaza kwamba wakiona ile dhahabu inang'aa watakuwa wameniona na mimi kidogo, nisiwe nimepotea bure huku.

Barua ilikuwa bado haina bahasha yalipotokea yaliyotokea.

Ilikuwa mchana, nipo juu naanika mashuka. Nasri, mtoto wa Bi Rahma, alikuwa nyuma yangu akiendesha gari lake la plastiki sakafuni. Ni mdogo, sawa na Zuhura wetu. Nikawa nasikia lile gari linakwaruza, linakwaruza, halafu likanyamaza. Nikasogeza shuka nitazame. Mtoto yuko juu, Baba Zuhura. Ameweka mguu fito ya kwanza, ya pili, kama anapanda ngazi, tumbo limefika kwenye fito ya juu kabisa, na kichwa kiko nje anatafuta paka uani. Chini ni vigae.

Nilitaka kupiga kelele nikajizuia. Nilijua akishtuka ameondoka. Nikaanza kutembea, sauti nikailainisha kama vile hakuna jambo, "Nasri, paka yuko wapi? Nionyeshe na mimi." Akasema, "Yule pale, mkubwa," akanyoosha mkono, na mguu mmoja ukatoka kwenye fito. Nikamdaka kaptura. Kaptura ikateleza, nikashika na shati na ngozi yake pamoja. Tukaanguka wote kwa ndani, mimi chini, yeye juu ya kifua changu.

Alilia kwa sababu nilimfinya. Ile sauti ndiyo iliyomleta Bi Rahma mbio.

"Mtoto alikuwa na nani?"

"Alikuwa na mimi, Bi Rahma."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naanika. Amepanda..."

Hakuningoja nimalize. Mkono wake ulishapanda, na mimi nilishafumba macho. Ndipo Nasri akanikumbatia shingo kwa nguvu zake zote akapiga yowe, "Usimpige mama! Usimpige mama!"

Ule mkono ulibaki juu. Bi Rahma alitazama fito, akatazama lile gari la plastiki, akatutazama sisi pale sakafuni. Akaushusha mkono polepole akamchukua mtoto wake. Mtoto hakutaka kuniachia. Ilibidi amtoe kidole kimoja kimoja shingoni mwangu, na wakati anafanya hivyo mimi na yeye hatukutazamana.

Nikashuka jikoni nikaosha mchele. Nilikuwa nimekwisha kuuosha, nikauosha tena.

Wewe umeandika, kama jambo la kuchekesha, kwamba Zuhura anamwita Mwajuma mama, na mimi ananiita "yule wa kwenye picha." Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kama ulivyotaka. Siku ile mbele ya beseni la mchele haikunichekesha. Hapa kuna mtoto analia nisipigwe, ananiita mama, na mama yake yupo amesimama anasikia. Huko kuna mtoto wangu wa tumbo, na wewe mwenyewe umesema anapanda kila kitu, juzi mmemtoa juu ya pipa la maji. Halafu mimi, mama yake, nimekunja karatasi inayosema ajengewe ngazi ya dhahabu kwenye baraza linalomfika mtu mzima kifuani.

Nililichana lile jibu nikalitia motoni.

Jioni Bi Rahma alikuja jikoni akakaa kwenye kiti, jambo asilolifanya. Akaniuliza, "Wako ana umri gani?"

"Sawa na Nasri."

"Ulimwacha afanyani?"

"Alikuwa anajifunza kusimama. Anashika ukuta."

Kisha akasema, "Mkataba wako waisha. Nilitaka nikuombe ukae tena. Sasa naona haya kukuomba." Mimi nilibaki nasugua sufuria. Hakuniomba radhi kwa mdomo, lakini alipoondoka alinifungia mlango taratibu ili ile baridi ya mashine isinipige mgongo.

Kesho yake mume wa Bi Rahma akaleta fundi wa Kihindi kuziondoa zile fito. Hajui Kiswahili, mimi sijui lugha yake, ila niliweka picha zako mbele yake akaelewa nina nyumba mahali. Alifurahi kama ndugu. Alinielekeza kwa mikono na nikashika. Kwa hiyo chukua ile ya picha ya pili, fito zimesimama. Mtoto hapati pa kuweka mguu. Nafasi kati ya fito na fito, mwambie fundi wako ajaribu kwa ngumi yake. Ngumi ikipita bila kugusa, azisogeze karibu, kwa sababu mtoto akipitisha kichwa kukirudisha ni kazi. Kimo kiwe juu ya kiuno chako wewe, si cha Mwajuma. Miguu ya nguzo asiibandike juu juu. Atoboe sakafu aingize bolti ndani ya zege, tena vichwa vya bolti viwe upande wa ndani. Unawajua wanaozunguka kununua vyuma chakavu, na wale wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria. Usiku mmoja tu, asubuhi baraza letu linapikiwa ugali Manyoni.

Rangi iwe nyeupe. Yule fundi alichukua mkono wangu saa ya jua kali akauweka kwenye ile ya dhahabu, nikautoa haraka, akauweka kwenye kipande cheupe alichokuja nacho, nikaweza kuvumilia. Jua la Itigi si dogo, na Mama atakuwa anajishikilia hapo akishuka ngazi. Mwambie Mama nimeufikiria mninga wake. Tutautia kwenye mlango, mahali ambapo mchwa tutawaona. Na kama alumini haitatosha kuzunguka baraza zima, weka mbele peke yake, pembeni kote jenga tofali. Usikope kwa ajili ya kumeta.

Najua nyeupe haitang'aa kwa watu wa treni. Lakini wanaokujua watakujua hata ukiwa umekaa kwenye kigoda, na wasiokujua wanakwenda zao Tabora.

Kuna neno jingine, na hili nalisema nimelifikiri. Umeandika niongeze mkataba mmoja ili tupate ukuta na geti. Sitaongeza. Bi Rahma nimekwisha kumwambia, akasema, "Haya," akaingia ndani. Nasri hajui. Kila akilala mchana ananishika ncha ya kanga, na mimi nakaa pale mpaka vidole vyake vilegee. Nikifikiria asubuhi atakapoamka asinione, naumia, Baba Zuhura, nisikufiche. Nitakuwa nimewaacha wawili sasa.

Nikija, nakuomba usimtangazie Zuhura kwamba mama yake anakuja. Usije naye stesheni. Usimvalishe gauni jipya ukamsukuma mbele yangu, "Msalimie mama, msalimie mama." Nimeona hapa jinsi mtoto anavyotolewa shingoni mwa mtu. Sitaki Mwajuma afanyiwe hivyo na mimi, wala Zuhura. Aendelee kumwita Mwajuma mama, ni haki yake, amemlea. Mimi nitakuja kama mgeni. Nitakaa barazani nichambue mboga, niimbe kama nikitaka, na yeye atanitazama kutoka mlangoni siku atakazotaka. Mgeni haogopwi milele.

Nisalimie Mama tena, umwambie dawa ya miguu ninayo. Msalimie wifi Mwajuma, na hili la Zuhura msomee yeye mwenyewe, mkiwa wawili. Msalimie kaka yangu mkubwa akipita na mbuzi wake kutoka Mkiwa, na mwalimu wa madrasa, na yule mama Mnyaturu jirani anayekuletea asali ya vichakani. Kila mmoja mwambie nimemtaja, nisingependa mtu adhani nimesahau.

Ni mimi mkeo niliye mbali,

Hadija, Mama Zuhura.

Tena: Dukani huku nimeona viatu vyekundu vya mtoto, vina kifungo pembeni. Yule muuzaji akaniuliza namba. Namba siijui, Baba Zuhura, nikamwonyesha kwa mikono, mara hivi, mara hivi, mpaka akahudumia mtu mwingine. Tafadhali pima mguu wa Zuhura kwa kijiti akiwa amelala, ukikate sawasawa, ukitie ndani ya bahasha.