Mkate wa Mume Wetu

Dutwa, Bariadi,
18 Agosti, 1996.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu Felisita,

Mwangaluka. Maneno ni yangu, mkono ni wa Mektilda, mke wa baba yako mdogo Thomasi, maana mimi kalamu sikuwahi kuishika na sasa vidole vimeshajikunja. U mzima? Ile miguu iliyokuwa inavimba kwa kusimama kwenye majaruba ya mpunga imepona? Mayala anakupenda bado, au ameanza kuangalia pembeni? Akianza niarifu, nitakuja huko Ubaruku na mwiko wangu.

Sisi tuna uhai. Uzima siusemi, kwa sababu barua hii inapita mikono mingi na sipendi kudanganya mbele za watu.

Pamba ilikuwa kidogo. Wanunuzi siku hizi ni wengi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na kila mizani ina njaa kuliko mwenyewe. Chama cha ushirika kimefungwa, Thomasi amepunguzwa kazi, anashinda ameketi kando ya barabara kana kwamba kazi itashuka kwenye basi. Dukani kwa Nuruddin kila kitu kipo. Zamani tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Leo mpaka maji, Felisita, maji ya kunywa, yamo kwenye chupa yanauzwa. Tunapita, tunayasalimia, tunarudi nyumbani.

Sasa mume wetu. Babu yako Ngeleja anaumwa, na safari hii si mgongo. Ndani ya koo kumeota kitu. Daktari alisema tumpeleke Mwanza, akatuangalia nguo zetu, akasema basi mrudisheni nyumbani mkamtunze. Ugali haupiti. Uji anautapika. Kinachopita ni mkate uliolowekwa kwenye chai, basi.

Na mkate wa dukani unakuja na basi, umebanwa chini ya mizigo, unafika mkavu kama kandambili, na bei yake inapanda hata ukiwa umelala. Kwa wiki chache tulinunua kwa kuuza kuku. Halafu nikasema hapana, huyu mwenye duka hatakula kuku wangu wote. Nitaoka mwenyewe.

Naoka hivi, na wewe uoke hivyo hivyo, usiwape hela za bure. Chukua unga wa ngano kidogo, ongeza unga wa michembe, vile viazi vyetu vilivyokaushwa, ukiutwanga na kuuchekecha vizuri. Chumvi, sukari ya kudanganyia, maji ya uvuguvugu. Ukande mpaka mkono ukatae. Uache uumuke juani umefunikwa. Sufuria nzito, paka mafuta, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Usifunuefunue kama mwenye wivu. Ukisikia harufu imefika mlangoni, epua.

Hamira ndiyo ilinishinda. Kale kamkebe nilikokuwa nako kalipoisha nilikaa nikafikiri. Kwa mama Bundala wanapika pombe ya mtama, na machicha yake yanachemka yenyewe usiku kucha. Nikasema, kinachoumua pombe kitashindwaje kuumua unga? Nikaomba kikombe. Felisita, mkate uliinuka mpaka ukasukuma mfuniko! Babu yako akala vipande viwili. Kesho yake akala tena. Mimi nikatoka nje nikapiga vigelegele peke yangu, kuku wakakimbia.

Siku ya tatu akatafuna polepole, akafumba macho.

"Milembe," akasema, "huyu namjua."

"Nani?"

"Huyu aliyemo humu ndani. Tuliachana mwaka ule nilipobatizwa."

Nilisahau, mwenzangu. Sisi wa Roma pombe hatuifukuzi nyumbani, lakini mume wetu ni mzee wa kanisa la kwao, na kwao hata kuinusa ni kesi. Wewe hukumkuta enzi zake za ulevi. Mimi nilimkuta, na nilimbeba.

Nikamwambia, "Amekufa motoni huyo. Kula."

"Nilimwacha akiwa hai, hakunifuata. Leo wewe mke wangu unamleta mpaka kitandani?" Akaweka mkate chini.

Nikamwita mchungaji Yakobo. Akaja, akanusa mkate, akasema, "Mzee, chachu ni chachu tu. Mungu hana neno na hili. Kula upate nguvu." Babu yako akamjibu, "Mchungaji, wewe umezaliwa kwenye wokovu. Hujui ninachokikataa." Yule kijana akanywa chai yake akaondoka, na kipande cha mkate mkononi.

Asubuhi yake nilimchukua yule tetea mwekundu nikaenda kwa Nuruddin. Nikasema nataka hamira na unga safi wa ngano, usiniletee habari za bei. Hakuzileta. Alifunga na sukari kwenye karatasi, akasema, "Hii ya mzee, bibi. Mwambie nimemsalimu." Nimemtukana sana yule mtu katika maisha yangu. Siku ile nilimshukuru.

Nikaoka bila michembe, ngano tupu, kama ya harusi. Ulitoka laini kama shavu la mtoto mchanga. Nikamwonyesha kile kikebe cha hamira, nikaapa kwa jina la mama yangu. Akachovya kwenye chai, akaweka mdomoni. Akakaa nao. Akakaa nao. Halafu akautoa kwa vidole, akaniwekea kiganjani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Umeweza, Milembe. Ila mimi nimeshiba."

Ameshiba nini? Hajala kitu! Hapo ndipo nilipojua kwamba shida haikuwa pombe. Mtu aliyemaliza kula hutafuta sababu yenye heshima, na mimi nilikuwa nimempa moja kwa mkono wangu. Mektilda ananiambia nisikuandikie hivi, utalia. Nimemwambia andika. Alie, machozi ni yake.

Sasa anakunywa maji kwa kijiko. Amekuwa mwepesi, namgeuza kwa mkono mmoja. Naoka bado kila asubuhi, watoto wa Thomasi wanakula, njaa yao haina kanisa. Yeye hali, lakini anataka mlango wa chumba uachwe wazi wakati makaa yapo juu ya mfuniko.

Sikuombi hela, najua huna. Usilete dawa. Usiandike kwamba utaangalia baada ya mavuno ya mpunga, mavuno yake na yako hayaendi pamoja. Juzi aliniuliza, "Yule mke wangu mdogo ametoroka na nani?" Nikasema na Mayala. Akacheka, kicheko kikamkwama, tukamshika mgongo mpaka kikapita. Njoo angali anaweza kukutania. Ukikuta tumeshamzika usinune. Joto la huku unalijua, siwezi kumweka akikusubiri.

Msalimie Mayala, na mama mkwe wako Veronica, na wanao Elia na Faraja. Waambie wana babu, wala usiwaambie zaidi. Thomasi anakusalimia kwa kichwa tu, mdomo ameuhifadhi. Mektilda anakusalimia na anafuta macho kwenye barua yako.

Mungu akufungulie njia, akupe basi lisiloharibika na dereva asiyekunywa. Kama hataki kutupa hilo, basi ampe mume wetu usingizi, na wewe akupe moyo wa kufika ukakuta kaburi na usianguke.

Nikupendaye hata nikikukemea,
mke mwenzako mkubwa,
Bibi Milembe.