Nebukadneza na Makofi ya Mwene

Kijiji cha Ruanda, Jumatatu jioni

Hawakumpigia makofi. Leo asubuhi Mwene amepita kwenye mashamba ya kahawa, na watu ambao tangu utoto humpigia magoti na makofi chifu wao wameendelea kuchuma tu, kama hawajamwona.

Ni mahubiri yangu ya jana. Nilieleza jinsi Nebukadneza alivyotawala Babeli, akasimamisha sanamu ya dhahabu na kuamuru wote waisujudie. Nikasema Mkristo hampigii magoti mwanadamu. Mwene alikuwa benchi la mbele. Kusema kweli, nilikuwa namtazama yeye.

Kwa nini yeye? Kanisa lenyewe tumelijenga kwenye shamba alilotupa bure.

Jioni hii amekuja kwangu, peke yake, kwa miguu. Nilimpa kiti, akabaki amesimama.

"Mwalimu, huyo mfalme wa Babeli, njaa ilipoingia aliwalisha watu wake?"

"Sijui, Mwene."

"Mimi nilifungua ghala langu. Walipopiga makofi nilidhani wananishukuru."

Akaniaga kwa upole, na upole huo ndio unaonitesa.

Maana Ijumaa, Bwana Shauri, yule Mwingereza anayetawala wilaya, alipokuja kukagua shule ninayofundisha, nani aliwapanga watoto mstari na kuwaamuru wainame mpaka apite?

Mimi. Tena niliinama kuliko wote, hadi kofia ikanidondoka.